Fimbo za Gofu za Papa Jacques

Jumatatu, 6 Machi 2017

Leo nimesema nayajua mambo ya gofu. Siyajui. Lakini ilibidi.

Papa Jacques alikuja dukani hapa Jules Street kuchukua koti nililomshonea. Ana mita moja na sentimita tisini na nane. Aliinama mlangoni, akainama tena chini ya taa. Ni baba mkubwa wa Falonne, msichana ninayetaka kumwoa, na kwa kuwa baba yake Falonne alishafariki, yeye ndiye atakayesema ndiyo au hapana wazee wangu wakija kupiga hodi, yaani kuposa. Naomba siku ya hodi tangu Krismasi. Kila mara anasema tutaona. Pacifique naye ameomba. Pacifique! Mlinzi wa uwanja wa gofu, Mrundi, mfupi. Suruali zake zote nazipunguza mimi.

Basi Papa Jacques akalalamikia mgongo. Ofisini kwake Sandton wamemwalika kwenye mashindano ya gofu Jumamosi, mara ya kwanza katika miaka kumi na moja. Amepata fimbo za mtumba, lakini ni fupi, anajikunja mpaka kiuno kinamuuma. Nikamwambia aniletee. Fimbo ni kama suruali tu, ni suala la vipimo, na kule Lubumbashi nilizirefusha nyingi sana. Mdomo ulisema wenyewe. Akaniangalia. Akasema Jumamosi ikienda vizuri, tutazungumza habari ya hodi.

Sharp! Safi kabisa, kwa lugha ya mtaani hapa.

Jumanne, 7 Machi

Fimbo kumi na nne juu ya meza yangu ya kukatia. Nimezitazama asubuhi nzima. Kila moja ina urefu wake. Hilo sikulitegemea.

Hata hivyo, hesabu ni hesabu. Mtu wa kawaida ni mimi, sentimita 175. Fimbo ya kati ina 95. Papa Jacques ana 198. Kwa hiyo fimbo yake ni 107 na nusu. Nikaongeza tano za pindo. Hakuna fundi mwenye akili zake anayekata bila kuacha pindo. Jumla 112 na nusu. Nyingine nimezifuatisha hivyo hivyo.

Nimenunua mabomba ya pazia kwa Pandu, Mzanzibari mwenye duka la vifaa karibu na robot, zile taa za kuongozea magari. Akauliza nyumba ina madirisha mangapi. Nikamwambia kumi na manne. Akanipa hongera.

Jumatano, 8 Machi

Kukata, kuunga, gundi, uzi. Mishikio nimeishona kwa ngozi nyekundu, mshono mara mbili, uzi wa dhahabu. Gauni la bibi harusi mmoja limelala bila mikono. Atangoja.

Falonne alivuka barabara kutoka saluni, kitana mkononi, mteja wake amebaki na kichwa nusu kimesukwa. Akauliza kama nimewahi kushika fimbo ya gofu hata siku moja. Nikamjibu kwamba hata sketi sijawahi kuvaa, na nazishona vizuri. Akacheka mpaka akashika mlango. Nampenda sana. Nilitaka kumwambia, lakini yule mteja alianza kupiga kelele ng'ambo ya barabara.

Alhamisi, 9 Machi

Pacifique alikuja kuchukua suruali. Akaona fimbo. Akainua moja, akaisimamisha kando ya mguu wake.

Kisha akasema kwamba uwanjani kwao hawapimi kimo peke yake. Mtu anasimama wima, mikono imening'inia, wanapima kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi chini. Watu warefu wengine wana mikono mirefu pia, kwa hiyo viganja vyao vimeshafika chini, hawahitaji nyongeza kubwa. Fimbo ikizidi, alisema, itachimba ardhi kabla ya kufika kwenye mpira. Alisema kwa upole. Huo upole ndio ulionikera. Nikamwambia ajaribu suruali yake aende.

Alipoondoka nikafungua daftari la vipimo. Papa Jacques: bega hadi chini, 165. Mkono, 74. Sabini na nne! Miaka minne namshonea makoti, na kila mara nashangaa kitambaa kinakwenda wapi. Kwa hiyo kifundo hadi chini ni 91. Changu ni 86. Tofauti ni sentimita tano. Mimi nimeongeza kumi na saba na nusu.

Nikahesabu tena. Jibu lile lile. Pacifique amesema kweli.

Nikafunga daftari. Uzi wa dhahabu nimeshaushona, siwezi kuufumua. Tena nikikubali maneno ya Pacifique mbele ya Papa Jacques, ni sawa na kumkabidhi Falonne mwenyewe, na risiti juu.

Ijumaa, 10 Machi

Nimepeleka fimbo nyumbani kwa Papa Jacques. Mkewe, Mama Thérèse, aliondoa picha za ukutani kwa tahadhari. Papa Jacques akashika fimbo moja, akasimama wima kabisa. Akasema mgongo hauumi. Akaipapasa ngozi nyekundu. Akasema kazi safi. Sebuleni hakukuwa na mpira, kwa hiyo hatukujua mengine.

Kesho mimi ndiye nitakayembebea mfuko. Nimepiga pasi suti.

Jumamosi, 11 Machi

Eish.

Papa Jacques alitangulia kupiga. Mkubwa wake yuko pale, na wenzake wote wa ofisini. Alisimama wima, mbali na mpira kama mtu anayeogopa mbwa. Pigo la kwanza lilichimba udongo hatua nzima nyuma ya mpira. La pili likafukua pale pale. Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mimi nikanong'ona kwamba ni fimbo tu, haijazoea mkono. La tatu alilipiga kwa hasira. Bomba la pazia lilikatika kwenye kiungo. Kichwa cha fimbo kikapaa, kikagonga paa la kigari cha mkubwa wake, kikaangukia majanini. Mshikio ulibaki mkononi. Mshono haukuachia hata uzi mmoja!

Uwanja ulikuwa ule ule wa Pacifique, naye alikuwa zamu. Alitokea na futi ya kupimia, akamsimamisha Papa Jacques mbele ya watu, akapima kifundo hadi chini. Akamletea fimbo za kuazima za uwanja, karibu sawa na za kawaida, zimezidi kwa nusu inchi tu. Papa Jacques akapiga. Mpira ukaenda. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natafuta kichwa cha fimbo majanini. Nilikitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili, 12 Machi

Kanisani Papa Jacques alinipita bila salamu. Pacifique amealikwa kula kwao mchana. Nilikula mkate wa spaza, kiduka cha mtaani, peke yangu, nimekaa kwenye mashine. Nimeumia. Naandika hivyo hivyo, nimeumia.

Jumatatu, 13 Machi

Falonne amekuja dukani kabla ya kufungua saluni. Hakukaa. Alisema Pacifique ni mtu mzuri, na jana mezani alieleza historia ya majani ya uwanja tangu supu hadi matunda. Alisema yeye ndiye atakayeolewa, si fimbo. Kisha akanipa sharti: niende nikamwambie baba yake mkubwa ukweli wote, na daftari la vipimo mkononi. Nikifanya hivyo, ataniombea. Nisipofanya, atazoea habari za majani.

Jumanne, 14 Machi

Nimekwenda. Nimesema yote. Sijui gofu, sijawahi kurefusha fimbo Lubumbashi, na Alhamisi nilikuwa na jibu daftarini nikalifunga. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi.

Papa Jacques alilichukua daftari, akasoma vipimo vyake. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka! Akasema miaka kumi na moja mkubwa wake alikuwa akimchanganya na mtu wa ghorofa ya pili. Jana alimfuata mpaka mezani kwake kumuuliza habari za kile kichwa cha fimbo, na akamwita kwa jina.

Akasema wazee wangu waje kupiga hodi Jumamosi. Watatu, saa kumi. Sharti moja: nisidai tena maishani kujua kitu nisichokijua. Nikiapa na nikivunja, mlango umefungwa, na namba ya simu ya Pacifique bado anayo. Akaleta Biblia. Nikaweka mkono, nikaapa. Machozi yalinilengalenga. Falonne alikuwa nyuma ya pazia, nilimsikia akivuta pumzi.

Papa Jacques akaenda kurudisha Biblia chumbani. Hapo Mama Thérèse akaingia ameshika shavu. Jino linamuuma, tangu Jumapili hapati usingizi. Kliniki wamempa tarehe ya mwezi ujao. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeteseka, kama namfahamu yeyote anayejua kung'oa.

Nikamwambia afungue mdomo. Nikatazama. La tatu kutoka nyuma, nikasema, na ni jepesi, nimeng'oa magumu zaidi.

Kesho saa tatu asubuhi, Papa Jacques akiwa kazini. Koleo ninalo.