Mrija wa Aloi Usiopitisha Pombe

Kwa Ndugu Fundi Osward,
Karakana ya Vyuma, Kewanja.

Salamu kutoka Gorong'a. Mimi ni mzima, isipokuwa kiu.

Utakumbuka nilikuletea bomba jembamba la aloi ngumu unisugulie, nipate mrija wa kunywea pombe chunguni pamoja na wazee wa rika langu. Ile mirija ya matete mbuzi wameimaliza. Jumamosi wakwe wa binti yangu Tabitha wanakuja, na baba wa binti asipovuta chungu kimoja nao, watasema amewakataa. Kwa heshima zote nalalamika hivi:

1. Nje umesugua kupita kiasi. Mzee Heche anajitazama humo akichokonoa meno, na mimi nimeinama nanyonya.

2. Ndani hujasugua kabisa. Nimevuta mpaka mashavu yamekutana, hata tone halijafika. Wenzangu wanadai nimeokoka kwa siri. Kanisani wamesikia, wameniteua mzee wa kanisa. Hilo nalo ni juu yako.

3. Naomba ubadilishe utaratibu wa kazi. Anza na msasa mkali, umalizie na laini, wala usiruke hatua. Grenda usiikandamize, chuma kikipata moto kinageuka bluu. Ndani pitisha kamba yenye msasa, uvute huku na huku. Mkishindwa, karakana ifungwe, na mafundi wote mkapigwe msasa ninyi kwanza.

4. Kinachoniuma zaidi, ulichotaka nilitimiza. Uliponikabidhi mrija ulisema kabla sijautumia nitoe kitambaa. Nilishangaa, lakini sikubisha. Kesho yake nikamletea mkeo Jesca kitenge kipya cha maua, akakipokea kwa mikono miwili. Mnataka nini tena?

Nasubiri majibu kabla ya Jumamosi. Nisalimie Jesca, mafundi wote, na yule anayewasha jenereta.

Ni mimi mzee wako, koo limekauka,
Nashoni Matiko

Tanbihi: Nikiwa nafunga barua, mke wangu Mokami ameuchungulia mrija, akachomoa kwa waya kitambaa ulichozibia vumbi lisiingie. Kumbe ndani ni laini kabisa. Nimejaribu, pombe imenifika puani. Malalamiko yote nimeyafuta, kazi yako ni safi. Ila kile kitenge nakiomba leo hii, tafadhali, hata kama Jesca ameshakivaa. Ni cha Mokami, alikiweka cha kupokelea wakwe, na sasa hivi namsikia anafungua sanduku.