Nusu Kidonge Inayosubiri Toleo Jipya

Zahanati ya Misheni,
Njombe.
15 Juni 2004

Kwa Msimamizi wa Toleo,
Kikundi cha Programu Huria,
Dar es Salaam.

Ndugu Marcelino,

Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba milango yenu bado imefungwa vizuri. Mimi ni Valeriani Mgaya, fundi redio wa hapa Njombe, ninayejitolea kutunza kompyuta ya zahanati. Kompyuta hiyo inatumia programu mnazozikusanya ninyi, na mojawapo huchapa karatasi za kubandika kwenye bahasha za dawa. Mlitupatia bure, tukashukuru. Neno "huria" tulilisikia kwanza kwenye soko la mbolea, na mbolea ikapanda bei. Safari hii tulidhani limekuja kwa heri.

Nimekuandikia barua pepe tatu. Umenijibu kwamba tangu tarehe 1 Mei hamruhusu badiliko lolote mpaka toleo jipya litoke tarehe 30 Juni. Kwa unyenyekevu, nimeamua kulalamika kwa karatasi, maana karatasi bado inapokea mabadiliko.

1. Kasoro niliyoiripoti umeiita "ndogo, ya mwonekano". Programu inameza mkwaju, kile kijistari cha mshazari, hivyo "1/2" inachapwa "12". Ni kweli, mkwaju ni kitu chembamba. Mzee Yohanes wa Kichiwa aliandikiwa dawa ya moyo, nusu kidonge kila asubuhi. Bahasha ikasema ameze 12. Mkewe, mama Hilda, ni mtu wa kufuata maandishi. Alimwaga dawa mezani, akahesabu, akakuta kumi tu. Akaomba lifti kwenye lori la viazi, akarudi mpaka dirishani kwa Oktavia, mtoa dawa wetu, akamwambia kwa upole, "Dada, mmenipunja viwili." Oktavia alimnyang'anya bahasha kwanza, ndipo akajibu. Mzee Yohanes yu hai kwa sababu dawa hazikutosha. Zingetosha, mwonekano wake ungebadilika sana.

2. Nilitengeneza kiraka, yaani marekebisho ya programu, cha mstari mmoja. Nikasafiri hadi Makambako kwa Mansoor, muuza vipuri vya malori mwenye kompyuta ya intaneti nyuma ya rafu za matairi, nikakituma. Ukajibu kwamba wakati huu viraka hupokelewa kwa fomu maalumu tu. Nikarudi Makambako. Fomu haifunguki. Nikakuarifu. Ukajibu kwamba kasoro ya fomu inajulikana, na kiraka chake kiko tayari, ila kinasubiri kujaziwa fomu. Mansoor alisoma jibu hilo juu ya bega langu, akauliza kama watu hawa wanalipwa. Nikamwambia hapana, wanajitolea. Akasema, "Basi wanajitolea kweli kweli."

3. Katika kipindi hichohicho mnachokiita cha kugandisha programu, mmeingiza picha mpya ya Mlima Kilimanjaro ili kompyuta zipendeze siku ya uzinduzi. Nimeiona kwa Mansoor, nikaibeba kwenye diski hadi zahanati. Theluji imetoka vizuri. Labda iliruhusiwa kwa kuwa nayo imeganda.

4. Umeniandikia kwamba utulivu wa toleo ni kwa faida ya mtumiaji. Mtumiaji wenu ni Oktavia, na tangu siku ile hadi juzi alikuwa akiandika kila bahasha kwa kalamu, huku kompyuta ikimwonyesha mlima. Kalamu yake haina msimamizi wa toleo. Kwa hiyo naomba, kama mabadiliko hayaruhusiwi kwenye programu, yasiruhusiwe pia kwenye miili ya watu. Mtutumie tangazo lenye muhuri, tulibandike mlangoni: mgonjwa yeyote wa nusu kidonge asiumwe kabla ya tarehe 30 Juni, anayekohoa aendelee kukohoa kwa kiwango cha tarehe 1 Mei, na wajawazito wajaze fomu, itakapofunguka. Padri naye apate nakala, ili mazishi yoyote yahesabiwe kama kasoro ndogo na kupangiwa toleo lijalo.

Sina ubaya na wewe binafsi. Nasikitika tu kwamba mtu aliyesoma kiasi hicho anashindwa kuamini mstari mmoja wa fundi redio.

Wasalimie wote kikundini, hasa aliyepiga picha ya mlima. Mansoor anakusalimu. Mama Hilda anakusalimu bila kukujua, na tumeona tusimweleze wewe ni nani.

Wako katika kujitolea,
Valeriani Mgaya

Tanbihi: Kabla sijaziba bahasha, Oktavia amenifuata kibandani kwangu. Juzi, kwa kuchoka kukusubiri, nilikiweka kiraka changu mwenyewe kwenye kompyuta ya zahanati. Kinaiambia programu kwamba kila penye "12" ichape "nusu". Nusu kidonge sasa inatoka safi. Ila waliotakiwa kumeza dawa kila baada ya saa 12 wameandikiwa "kila baada ya saa nusu", na mama Letisia wa hapa jirani amekuja kuomba kuazimwa saa ya ukutani. Bahasha zote tumezirudisha zahanati, hakuna aliyedhurika. Kama kiraka changu bado kiko mlangoni kwenu, tafadhali msikifungulie. Na hiyo tarehe 30 Juni, mimi naiona karibu mno.