Ombi la Kuzimwa kwa Rafu Zinazozunguka, Ili Mume Wangu Achoke

Kwa Bwana Meneja,
Ghala la Vipuri vya Pikipiki.

Bwana Meneja mheshimiwa,

Pokea salamu za mtu usiyemfahamu lakini unayemtesa. Mimi ni fundi cherehani, nafanyia kazi sebuleni kwangu, na ni mke wa yule mkusanya oda mrefu mwenye kofia ya bluu ambaye huu ni mwaka wake wa kumi na mbili kwako. Hapa nyumbani tunamwita Baba Watoto. Naandika kuhusu zile rafu zinazozunguka zenyewe mlizofunga miezi minne iliyopita, ambazo wafanyakazi wako wanaziita Bembea. Nakuomba uzizime.

Kwanza nikushukuru kwa miaka ya nyuma. Ndoa yetu ilikuwa imara kwa sababu wewe uliipangia kazi vizuri. Baba Watoto alikuwa anachapa lapa kutwa nzima kati ya rafu, plagi huku, cheni kule, ngazi juu, ngazi chini. Kaka yangu alimvisha saa ya kuhesabu hatua, ikafika kilomita kumi na tisa kisha ikazima yenyewe. Alikuwa anarudi jioni, anausalimu ukuta, analoweka miguu kwenye beseni, anakula, na usingizi unampitia kijiko kikiwa bado mkononi. Mume aliyelala hana maoni. Tuliishi kila mtu na hamsini zake, na majirani walituonea wivu.

Sasa, kwa maelezo yake mwenyewe, ambayo hunipa kila siku bila kuombwa, anasimama mahali pamoja tu. Bembea moja iko kulia, nyingine kushoto. Akiwa anatoa kipuri kwenye ya kulia, ya kushoto inazunguka kumletea trei inayofuata, na taa ndogo inamwonyesha achukue kipi na vingapi. Oda ya vitu arobaini iliyokuwa inakula dakika hamsini inakwisha kwa dakika nane, na wateja walioagiza nyaya za klachi hawapelekewi tena nyaya za breki. Hongera sana. Ila hakuna aliyekuja kuniuliza mimi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Anarudi mzima. Siku ya kwanza alisimama mlangoni saa kumi na nusu, shati kavu, akaniuliza nimeshindaje. Nikajua amefukuzwa kazi. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akaanza kulia. Ilibidi mtoto wake atuzungukie pale sebuleni, mikono ameinyoosha, kutuonyesha rafu zinavyokwenda, ndipo tukamwamini. Mama mkwe akalia upya, safari hii kwa kizunguzungu.

2. Ameingia jikoni. Alikaa kwenye kigoda akanihesabia hatua: kutoka kwenye jiko hadi kwenye chumvi saba, kutoka kwenye chumvi hadi kwenye mwiko tisa, na kurudi kufuata kifuniko nilichosahau kumi na nne. Akaniambia kwa upole kwamba napika kama ghala la zamani. Jumamosi akahamisha kila kitu. Vinavyoitwa pamoja vinakaa pamoja, vinavyoitwa mara nyingi vinakaa usawa wa kiuno, na lile sufuria la wageni limepelekwa juu kabisa likatafakari. Sikatai, sasa namaliza kupika dakika arobaini mapema. Lakini dakika hizo arobaini anazitumia kukaa mbele yangu na kupiga soga. Nani atawajibika kwa dakika hizo, Bwana Meneja? Kwako oda zimeharakishwa, kwangu mazungumzo yamerundikana.

3. Ameunda Bembea ya pili bila kibali chako. Amechukua gurudumu la baiskeli, akalitundika ukutani karibu na cherehani yangu, akaning'iniza makopo ishirini na manne ya vifungo, zipu na nyuzi. Nikilisukuma kwa kiwiko, uzi mwekundu unakuja wenyewe. Habari zimeenea mtaa mzima. Watu wanaleta nguo zisizo na kasoro ili tu waone likizunguka. Jirani wa nyumba ya pili alichana mfuko wa sketi yake hapo hapo mlangoni kwangu, nikimwona kwa macho yangu, akasema ameuona umechanika.

4. Mama mkwe. Hili naomba ulisome ukiwa umekaa. Mama ana miaka sabini na sita, na alikuwa anatembea vizuri tu. Tangu apate darasa la Bembea amehamishia kiti chake katikati ya sebule na kutangaza kwamba kwa umri wake yeye hafuati kitu, kitu kinamfuata. Ametupa namba. Baba Watoto ni trei ya kwanza, wanangu wawili ni ya pili na ya tatu, mimi ni ya nne. Ana tochi. Akimulika mtu, huyo ndiye anayetakiwa, na tochi ikiwaka mara mbili maana yake ni vikombe viwili. Juzi alinimulika mara tatu, nikajikuta nimebeba chai tatu na mwili wote umeshazunguka, kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima mwenye biashara yake. Kibaya zaidi, sasa chai yake inafika kabla haijapoa, na hajagombana na mtu kwa wiki tano. Nyumba yenye mkwe asiyegombana si ya kawaida, nami nina haki ya kuwa na hofu.

5. Ameanza kuuliza maswali. Ameuliza tangu lini nakunywa chai bila sukari. Tangu miaka saba iliyopita. Ameuliza kwa nini binti yetu anaandika kwa mkono wa kushoto. Kwa sababu ndivyo alivyozaliwa. Na Jumapili, redio ikipiga, alinishika mkono akacheza na mimi, mchana kweupe, nikiwa katikati ya kunyoosha nguo za wateja. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Suruali ya mwalimu mkuu ina alama ya pasi nyuma, na ni wewe uliyeiunguza.

Yamenifika shingoni. Kwa hiyo naomba moja kati ya haya: (a) Bembea zizimwe, au (b) zipunguzwe mwendo hadi Baba Watoto azishinde kwa miguu, au (c) yeye ahamishiwe lile ghala lenu la zamani upande wa pili wa mji, ambako nasikia rafu bado zina adabu ya kusimama, atembee kilomita zisizopungua kumi na tano kwa siku, huku amebeba kitu kizito.

Nisalimie mlinzi wa getini, madereva wa malori, mhasibu, dada wa mapokezi na wakusanya oda wote. Bembea nazo nisalimie, ya kulia na ya kushoto, hatuna ugomvi binafsi.

Ni mimi, niliyekasirika kwa heshima zote,
Mke wa mkusanya oda, fundi cherehani.

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha Baba Watoto alipoingia. Anasema ghala la zamani linahitaji watu wawili kuanzia Jumatatu, na jina lake liko kwenye orodha yako kwa kuwa ndiye anayezijua rafu za kule. Alilisema hilo akakaa, na hajauliza swali lolote tangu hapo. Sina karatasi nyingine, kwa hiyo futa ombi la (c), kisha (b), kisha (a). Nimeisoma barua hii tangu mwanzo nikitafuta kosa hata moja la mashine yako, na nilichothibitisha ni kwamba mume wangu yupo nyumbani. Miaka kumi na moja alikuwa wako. Mimi nimempata miezi minne tu. Usimpeleke.