Saa za Zulu na Jogoo wa Bibi Kunegunda

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi kali. Vidole vimekufa ganzi lakini naandika, maana wiki hii itatajwa katika ukoo wetu. Kapteni Aidan, mwalimu wetu wa urubani hapa Ruhuwiko, ametangaza kwamba ndege yetu ya viti viwili, na chuo hakina nyingine, inakwenda Dar Jumapili kwa matengenezo. Miezi mitatu! Kabla ya hapo injini imebakiza muda wa mwanafunzi mmoja tu kuruka peke yake, bila mwalimu. Ni Jumamosi asubuhi. Atakayeruka atapatikana kwa mtihani wa hali ya hewa, Alhamisi.

Tuliofikia hatua hiyo ni wawili. Mimi, Polycarp Haule, umri miaka kumi na saba. Na Mwanaisha, binti wa wakulima wa korosho wa Namasakata. Msichana mpole, ila anauliza maswali kila dakika. Namwonea huruma.

Nimempigia simu Bibi Kunegunda kule Maposeni. Nimemwambia Jumamosi aje aone mjukuu wake akiruka. Mtihani bado, ndiyo. Utaratibu tu huo.

Jumanne, 15 Julai

Nimetengeneza ratiba ya kusoma. Rangi nne! Nyekundu ni mawingu, buluu ni upepo, kijani ni mvua, njano ni kupumzika. Imekula siku nzima. Kusoma kwenyewe kesho.

Kapteni ameandika ubaoni: Alhamisi, 0500 Z. Hiyo Z ni Zulu. Akaeleza kwamba marubani wa dunia nzima hufuata saa hizo, na sisi Tanzania tuko mbele kwa saa tatu. Mwanaisha akanyoosha kidole aulize zaidi. Mimi nikatoka zangu nje kuota jua. Mngoni afundishwe saa za Zulu? Bibi hutuambia kila Krismasi kwamba babu zetu walitoka huko huko kwa Wazulu. Nilipompa habari hii kwa simu alifurahi mno. Alisema hao wenye ndege wamechelewa sana kututambua.

Hesabu yangu: tano, ongeza tatu, nane. Saa nane mchana! Asubuhi nzima ya Alhamisi ni yangu ya kusoma. Kichwa hiki, jamani.

Jumatano, 16 Julai

Mbinu. Nimemvuta Mwanaisha pembeni, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba sura ya ukungu haimo kwenye mtihani. Nilieleza vizuri sana. Kwamba Kapteni mwenyewe ameichoka. Kwamba ukungu ni mambo ya Ulaya. Akasema ahsante kaka Polycarp, akafungua kitabu kwenye sura ya ukungu. Kuna watu hawasaidiki.

Akaniuliza pia kama nina uhakika na saa ya mtihani. Nikamwambia asinisumbue, saa hizo ni za ukoo wetu. Akacheka, akadhani ni utani.

Nyumbani nikasoma mawingu nusu, upepo robo. Nilipofika kwenye ukungu nikapita. Maelezo yangu yalikuwa yamenishawishi.

Alhamisi, 17 Julai

Sijui nianzie wapi.

Nilizima simu ili nisome kwa utulivu. Nikala ugali na dagaa wa Nyasa. Nikapiga shati pasi. Saa saba na nusu nilikuwa getini, nusu saa kabla ya wakati, nikijisifu moyoni kwa nidhamu. Mwanaisha alikuwa anafuta bawa la ndege kwa kitambaa. Kapteni akanitazama, akaniuliza taratibu kama nyumbani kuna msiba.

Nikasema hapana Kapteni, nimekuja kwenye mtihani.

Akasema mtihani ulikwisha saa nne. Nikabisha! Nikamwandikia hesabu kwenye vumbi: tano na tatu ni nane. Akakubali kwamba ni nane. Ila nane hiyo ni ya saa ya Kizungu, ambayo kwa Mswahili yeyote aliyewahi kuamka ni saa mbili asubuhi. Kisha akauliza kama hapa chuoni nakuja kusikiliza au kuota jua. Kumbe aliniona siku ile.

Mwanaisha amepata tisini na mbili. Maswali sita yalikuwa ya ukungu. Nilipowasha simu nikakuta amenipigia mara nne, kuanzia saa mbili kasoro robo. Hilo ndilo limeniuma kuliko yote. Ningependa awe mbaya kidogo.

Ijumaa, 18 Julai

Leo nimeamua kumwambia Bibi ukweli. Nimempigia. Kabla sijafungua kinywa akanieleza kwamba amekodi bajaji, anakuja na majirani wawili na jogoo mwekundu wa kumzawadia rubani. Nikasema sawa Bibi, karibuni.

Nimelia kidogo. Nilitaka sana kuruka mbele yake. Babu alikufa bila kupanda hata ndege ya abiria, na Bibi anasema macho yangu ni ya Babu.

Halafu nikapata mbinu. Kutoka kwenye uzio hadi kwenye ndege ni mbali. Macho ya Bibi yana ukungu. Huo ukungu walau naujua. Atajuaje ni nani aliye ndani?

Jumamosi, 19 Julai

Nilijificha nyuma ya tanki la maji tangu saa moja. Bibi alifika na kitenge chake cha harusini, jogoo kwapani. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka. Lo! Ilinyanyuka vizuri. Bibi alipiga vigelegele mpaka walinzi wakatoka kibandani. Akawaambia majirani kwamba ni Polycarp huyo, damu ya Wazulu. Nilisikia kila neno. Sijawahi kuruka vizuri kama vile.

Ndege ikazunguka, ikatua. Mambo yalikuwa yameniendea sawa kabisa. Kisha Bibi akatoa simu yake ya kitochi, ampigie rubani kumpongeza.

Simu yangu ikalia nyuma ya tanki.

Bibi alizunguka taratibu, akanikuta nimechuchumaa kwenye matope. Nikasema shikamoo Bibi. Hakuitika. Aliniuliza nimeshukaje kule na kufika hapa upesi hivyo. Nikasema ndege za siku hizi zina kasi. Wakati huohuo Mwanaisha akaja mbio, hijabu imelowa, maana Kapteni alikuwa amemmwagia ndoo ya maji kama desturi ya mtu anayeruka peke yake kwa mara ya kwanza. Akapiga goti, akamwamkia Bibi.

Bibi akamtazama yeye. Akanitazama mimi. Akaitikia marahaba mwanangu, akampa jogoo. Kisha akaniambia niende nikabebe ile ndoo ya Kapteni.

Jumapili, 20 Julai

Ndege imeondoka. Nimeitazama mpaka ikawa nukta. Bibi amepiga simu, hajataja tanki. Amesema tu kwamba Oktoba atakuwa na jogoo mwingine, na nisimchezee.

Kapteni ana moyo. Amenipa mtihani wa marudio kesho, Jumatatu, 0400 Z. Nikifaulu, ndege ikirudi nitakuwa wa kwanza kuruka. Mwanaisha akataka kunitafsiria hiyo saa. Nikamzuia kwa mkono. Mtu hudanganyika mara moja tu!

Nne, ongeza tatu, saba. Saba ni ya Kizungu, siingii tena mtegoni. Toa sita, inabaki moja. Saa moja!

Jioni, bila shaka. Nani atampangia mwenzake mtihani saa moja asubuhi na baridi hii ya Julai? Nimezima simu. Kesho nina siku nzima ya kusoma.