Usafishaji wa Karatasi za Marehemu

Kwa furaha kubwa, Idara ya Kumbukumbu ilitangaza kwamba taifa limempokea rasmi marehemu mwandishi wa riwaya na filamu. Yaani karatasi zake, maana mwenyewe alipokuwa hai tulimfungia kila alichoandika. Mimi niliteuliwa mwenyekiti wa Kamati ya Usafishaji. Nilistahili: sijawahi kusoma riwaya, kwa hiyo sina upendeleo.

Mjane wake alileta masanduku kwa mkokoteni. Alikaa mbele ya meza yangu, mkono juu ya sanduku moja kama anayembembeleza mtoto alale.

"Baba, msizichane," alisema. "Nimezificha uvunguni miaka yote. Ndizo zilizobaki za mtu wangu."

"Mama, serikali haichani," nilimtuliza. "Serikali inarekebisha."

Tukarekebisha. Neno "njaa" tulilipaka wino mweusi kwa kukosa takwimu. Mapenzi tuliyaondoa kwa kukosa kibali. Barua alizomwandikia mkewe zilibaki na "Mpenzi", kisha mjumbe mmoja akauliza, "Mpenzi wa chama gani?" Tukalipaka nalo.

Shida ikaja: Mheshimiwa Waziri alitaka kusoma kitu siku ya ufunguzi. Tulipekua hadi tukakuna vichwa. Mwishowe tukapata ukurasa mmoja safi: hotuba ya kiongozi anayewapenda watu wake. Nikampelekea Waziri upesi, akaufurahia.

Mjane alipopata habari, alikuja mbio ofisini.

"Baba, hiyo ni ya ile filamu mliyoipiga marufuku. Anayesema pale ni..."

"Mama, kamati imeshapitisha."

Aligeuka kuelekea mlangoni. "Haya. Mwenye macho haambiwi tazama."

Nikamshukuru kwa kuyasifu macho yangu.

Siku yenyewe ukumbi ulifurika. Waziri akapanda jukwaani, akasafisha koo.

"Ndugu zangu, usiku silali kwa kuwawaza ninyi!"

Ukumbi mzima, wazee kwa vijana, ukaitika kwa sauti moja: "Unawaza mifuko yetu!"

Kumbe filamu ile tuliyoizika ilikuwa imezunguka kwa siri nyumba hadi nyumba, na watu waliijua kama majina ya watoto wao. Aliyekuwa akihutubia ndani yake alikuwa mwizi aliyevaa suti ya kiongozi.

Waziri alitabasamu hadi magego yakaonekana.

"Jasho lenu ndilo chakula changu!"

"Shushia na machozi!"

Watu walikuwa wakishikana mabega kwa kicheko. Mjane, aliyekuwa mstari wa mbele, akasimama. Machozi yalimtiririka, lakini sauti yake ilizishinda zote. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kiitikio.

Nikanyata hadi jukwaani. "Mheshimiwa, tuishie hapo."

"Wewe huoni wanavyonipenda?" alininong'oneza. "Nipe ukurasa wa pili."

"Mheshimiwa, wa pili tuliufuta."

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mjinga. Kisha akakigeukia kipaza sauti na kuanza tena wa kwanza, safari hii kwa sauti ya juu zaidi.