Sketi ya Kijivu na Barua ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

"Hakuna mwanamume mwenye akili zake atakayevaa sketi." Ndivyo alivyosema Afisa Utumishi leo mbele ya idara nzima, akitusomea tena tangazo la mavazi, mkono kiunoni, kana kwamba amegundua moto. Uongo mtupu! Majeshi yaliyoteka nusu ya dunia yalitembea magoti nje. Wafalme, makuhani, mahakimu, wote walivaa vazi lisilo na miguu miwili. Suruali ilibuniwa kwa ajili ya wapanda farasi. Mimi sina farasi. Afisa Utumishi hana farasi. Ana baiskeli, na hata hiyo ina pancha.

Chanzo ni joto. Chumba chetu cha kusahihisha prufu, yaani kurasa za majaribio, kiko juu ya mitambo ya kuchapa na chini ya bati. Chini moto, juu moto, katikati mimi. Miaka mitatu nimeomba turuhusiwe kaptula. Maombi matatu, kurasa sitini, na tanbihi. Hayakujibiwa. Nikavaa kaptula bila ruhusa. Barua ya onyo. Nikavaa tena. Barua ya pili. Ya tatu ni ya kufukuzwa kazi. Mke wangu ameshasema barua ya tatu ikija nisiivushe mlango wake, nikaishi na huyo aliyeniandikia.

Lakini tangazo la mavazi nililisahihisha kwa mkono wangu mwenyewe! Linasema: "Kila mfanyakazi avae suruali ndefu au sketi inayofunika magoti." Kila mfanyakazi. Mfanyakazi hana ndevu wala hereni. Ndiyo raha ya lugha yetu: "avae" ni yeyote yule. Afisa Utumishi amejifunga kwa kamba yake, na fundo nilimkazia mimi.

Nimeamua. Sketi.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ni fundi cherehani. Nimemweleza msimamo wangu kwa dakika ishirini. Hakuinua macho kutoka kwenye pindo. Mwishowe akauliza: ya marinda au ya kubana? Nikasema swali hilo linadharau mapambano. Akasema mapambano yenye kiuno cha inchi arobaini na mbili yanahitaji marinda.

Kitambaa: kijivu, mabaki ya sare za shule. Akaniambia nivute tumbo ndani nipimwe. Nikamwambia nimeshavuta.

Saa kumi jioni nikaijaribu. Inapepea! Upepo unaingia kama mgeni mwalikwa. Kisha nikatafuta mfuko niweke kalamu. Hakuna! Nikauliza mfuko uko wapi. Mke wangu akasema sketi hazina mifuko, wanawake wanauliza jambo hilo tangu yeye akiwa msichana, ila hawajawahi kuliandikia kurasa sitini. Sikuona kejeli hiyo inahusiana na nini. Nikamsihi tusipotezwe na mambo madogo. Kalamu nitaibana sikioni.

Nimeandaa hoja kumi na moja kwenye daftari. Naomba tu wanitukane.

Jumatano, 5 Machi

Wamenipa pole.

Wa kwanza alikuwa fundi viatu wa kona. Nilipita taratibu, makusudi, aone. Akaona. Akashusha nyundo: "Pole sana, mzee wangu." Nikamuuliza pole ya nini. Akasema basi tu, pole, Mungu atasaidia.

Mlinzi wa getini, ambaye kwa miaka kumi na tisa hajawahi kunifungulia zaidi ya mlango mdogo, leo alifungua geti lote. Akanipa kiti chake nikakikalie huko juu. Akanong'ona: upande wa kulia au wa kushoto? Nikadhani anauliza siasa! Nikamjibu kwa fahari: kushoto, tangu ujana wangu. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema hata mjomba wake ilimwanzia kushoto.

Ilipofika saa nne kiwanda kizima kilikuwa kinajua: nimepasuliwa ngiri. Mtu mzima kavaa sketi? Huo ni mshipa, hakuna lingine. Maelezo mengine hayakuwaingia vichwani hata kwa bahati mbaya. Nukta, msaidizi wangu, anayeitwa hivyo kwa kuwa hata salamu huitafutia kosa, alinibebea prufu ngazi zote. Mama Chai akaniletea mto wa kukalia. Saa sita Afisa Utumishi mwenyewe akapanda juu. Nikashika daftari, hoja ya kwanza ikiwa imeshafika mdomoni. Akaniwekea mkono begani. "Ndugu yangu, si ungesema tu? Sisi si wanyama."

Sisi si wanyama! Mimi nilikuja kupigana!

Alhamisi, 6 Machi

Wakati wa chai nilipanda juu ya benchi nikatangaza: mimi si mgonjwa, sijapasuliwa popote, hii ni sketi na nimeivaa kwa hiari yangu. Kisha fundi mitambo mmoja, jitu lenye sauti ya ngoma, akasema wanaume ndivyo tulivyo, tunaficha maradhi mpaka tunazikwa nayo. Wote wakaguna kama waliokwisha kuona jeneza. Nukta akanisihi nishuke, nyuzi zitafumuka.

Nyuzi zipi? Nikasema nitawaonyesha. Nikapanda ngazi mbio, mbili mbili, mbele ya macho yao. Sasa sketi ina tabia moja ambayo vitabu haviisemi: ukiinama kukimbia, inashuka kukutafuta. Kwenye ngazi ya tisa nilikanyaga pindo. Nilirudi chini kwa makalio, ngazi zote tisa, kila moja nikaihesabu kwa sauti bila kupenda.

Sasa nachechemea kweli.

Pole ilikuwa ya kumwaga. Jioni Mama mkwe amepiga simu analia. Kasikia wapi? Nimemwambia mama, mimi mzima. Akasema ndivyo marehemu baba mkwe wako alivyokuwa akisema.

Ijumaa, 7 Machi

Mtu mmoja tu hakunipa pole. Mama Chai, baada ya kuchukua mto wake, aliniuliza fundi wangu ni nani na kama anaweza kutia mfuko. Ana simu na funguo za stoo, miaka yote anaziweka kifuani, na funguo zinachoma. Nikamweleza kwa upole kwamba hii ni harakati ya fikra, si ya funguo. Akaomba namba ya mke wangu hata hivyo.

Akanifundisha pia kukaa. Unaikusanya sketi nyuma kwanza, ndipo unakaa, na magoti unayaweka pamoja kama watu wanaoaminiana. Akasema tangu juzi wanawake wa idara ya ufungaji wamekuwa wakila chakula cha mchana huku wakitazama dari. Kwa nini hakuna aliyeniambia? Akasema walidhani ndiyo masharti ya daktari.

Jumatatu, 10 Machi

Msiba! Nimeshinda.

Asubuhi niliwekewa mezani tangazo jipya nilisahihishe: "Kwa sababu za kiafya, wafanyakazi wa kiume wanaruhusiwa kuvaa kaptula." Chini yake limebanwa ombi la wanaume thelathini na mmoja wa kiwanda, aya moja, makosa mawili ya tahajia: "Tunaomba mzee wetu asidhalilike kwa sketi katika hali yake, aruhusiwe kaptula." Sahihi ya kwanza ya Nukta. Nukta! Mtu ambaye hajawahi kukubaliana nami hata juu ya mkato!

Miaka mitatu ya mantiki haikufua dafu. Huruma ya aya moja imepita kabla ya chai.

Mchana nusu ya wanaume walikuwa wameshakimbilia kaptula zao. Nukta ana magoti ya kuku. Wakaja mmoja mmoja kunishukuru. Jitu la mitambo likanibana kifuani likasema nimewakomboa. Nikamuuliza hoja ipi hasa ilimgusa. Akasema hakuna hoja, mzee, upepo tu.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshaipiga pasi kaptula yangu na kuiweka kitandani, mistari imesimama. Alikuwa anaimba. Akasema: "Umepata ulichokitaka, baba. Pumzika sasa. Na sisi tupumzike."

Nimeitazama ile kaptula mpaka imeanza kunitazama. "Kwa sababu za kiafya." Maneno manne yamefuta hoja kumi na moja. Siivai!

Jumanne, 11 Machi

Mpango mpya. Hauna tundu hata moja.

Nimekwenda zahanati. Nikamwomba daktari anipime ngiri. Akauliza naumwa wapi. Nikasema siumwi. Akauliza basi nimefuata nini. Nikasema nimefuata kutokuwa na ngiri, kwa maandishi, na mhuri. Akanitazama usoni, akaitazama sketi, akavuta pumzi. Nikaona midomo yake inajiandaa kwa neno lile. Nikamkatiza: aandike tu!

Ameandika: "Hana ngiri. Hana kovu la upasuaji. Afya njema." Mchubuko wa makalio nilimwomba asiutaje.

Jumatano, 12 Machi

Saa mbili asubuhi nimekibandika cheti kwenye ubao, pembeni mwa tangazo la kaptula. Nikasimama kando, daftari mkononi.

Afisa Utumishi akakisoma. Akakisoma tena. Akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba aliyemlilia wiki nzima yuko hai na anapiga mluzi. Saa tano tangazo likang'olewa: kwa kuwa sababu za kiafya hazipo, ruhusa ya kaptula imefutwa. Kuanzia kesho sheria ni ile ile ya zamani.

Wanaume thelathini na mmoja, miguu sitini na miwili, wote wakanigeukia.

Hatimaye, hasira! Nikafungua daftari. Hoja ya kwanza, nikasema, suruali ilibuniwa kwa ajili ya farasi. Jitu la mitambo likasema: "Mzee, tulikupa huruma ukatupa joto." Nikasema hoja ya pili. Nikasema jamani, sheria ya zamani inaruhusu sketi, someni, "kila mfanyakazi", vaeni sketi, mke wangu atawashonea! Wakaondoka. Mlinzi alikuja juu kuchukua kiti chake. Nukta hakuitafutia salamu yangu kosa. Hakuijibu.

Leo hakuna hata mmoja aliyenipa pole. Ni siku yangu bora kazini tangu niajiriwe. Kasoro yake moja: hakuna anayesema nami.

Alhamisi, 13 Machi

Afisa Utumishi ameniita. Akafungua droo akanionyesha barua ya tatu, imeshaandikwa, imebaki tarehe. Akasema hataki kuitumia. Miaka kumi na tisa si mchezo. Niseme tu kwamba nilikuwa naumwa na sasa nimepona, nije kesho na suruali, na yeye ataichana barua na kuwarudishia vijana kaptula zao. Neno moja. Naumwa. Nilikuwa naumwa.

Nikamuuliza ana hoja gani dhidi ya sketi. Akasema hana. Nikasema basi nimeshinda. Akasema haya, umeshinda, sasa sema ulikuwa unaumwa. Haiwezekani kujadiliana na mtu wa namna hii!

Nyumbani sikupata pa kukanyaga. Sketi kila mahali, za kijivu, za bluu, zimetandazwa juu ya viti, kila moja na mifuko miwili mirefu. Mama Chai kaleta idara nzima ya ufungaji. Mke wangu anasema hajawahi kupata kazi nyingi hivi tangu anunue cherehani. Nikamwomba azisogeze, nina jambo zito la kufikiri.

Nikamsimulia. Akaweka mkasi chini. Akasema nina miaka hamsini na mbili, na hakuna anayengoja kumwajiri msahihishaji anayesahihisha hata kadi za rambirambi. Sauti yake haikuwa ya kugomba. Akasema: "Sema ulikuwa mgonjwa, baba. Si uongo. Miaka ishirini na sita nimelala na ugonjwa huo kitanda kimoja." Kisha akaongeza: "Si wa ngiri."

Nikamwambia ukweli haupigi magoti. Akasema angalau uyafunike.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda na sketi.

Afisa Utumishi akauliza mara moja tu. Nikajibu mara moja tu. Akatoa kalamu akajaza tarehe. Nikaisoma barua palepale, nimesimama.

Natumbuliwa kwa "kuuhadaa uongozi kwa kujifanya mgonjwa".

Mimi! Niliyesema juu ya benchi kwamba ni mzima! Niliyeanguka ngazi tisa kuthibitisha! Niliyeleta mhuri! Nikaipekua barua juu chini, chini juu. Aya tatu. Makosa manne ya tahajia. Sketi haijatajwa. Hata mara moja! Mtu amevaa sketi siku nane za kazi mchana kweupe, na waliomfukuza hawakuwa na ujasiri wa kuliandika neno lenyewe.

Nikachomoa kalamu nyekundu. Nikarekebisha tahajia. Nikafuta "kujifanya mgonjwa", juu yake nikaandika "kuvaa sketi, bila kuvunja sheria yoyote". Nikamrudishia. Akasema ndugu yangu, nenda nyumbani. Nikamwambia barua yenye wino mwekundu ni prufu, na prufu haimfukuzi mtu. Nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wake nangojea nakala safi. Wanawake wa ufungaji wanapita na mikono mifukoni, wanacheka mambo yao. Mke wangu amepiga simu mara tatu. Nitampigia nikishinda.

Na sasa nasema nanyi, Afisa Utumishi, na wewe Nukta, na ninyi thelathini mliotia sahihi huruma yenu. Sina ngiri, sina homa, sina aibu. Nifukuzeni kwa sketi. Liandikeni neno hilo, herufi zote tano, katika mstari wa kwanza. Kisha nileteeni nilisahihishe.