Mtihani wa Picha wa Mjomba

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu mjomba yuko wodini. Kiharusi kimembakishia macho tu. Leo daktari kamwambia ainue mkono. Mkono umekufa, atauinuaje? Daktari kaandika: haelewi. Maana yake kaka yake mkubwa ndiye atamsainia mguu wenye kidonda ukatwe. Mjomba hataki. Ukiutaja tu mguu, machozi yanamtoka.

Jumanne, 4 Machi
Nimechimbua siri. Dada wa mazoezi ya kusema anasema upo mtihani wa picha. Mgonjwa anawekewa picha tatu, anatajiwa kitu, anakitazama, basi. Akifaulu, anaamua mwenyewe. Juzi kamjaribu mjomba kwa picha za gazeti, kapata zote! Ila za gazeti haziingii kwenye faili. Sanduku la picha za mtihani liko kabatini tangu lilipoletwa siku ya semina, ufunguo anao matroni, anaogopa picha zisipotee. Daktari naye analalamika eti mtihani unakula dakika arobaini. Wasomi hawa! Acha niwaonyeshe kazi.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia matroni kuna mkaguzi anakuja kuandika vifaa visivyotumika. Kabati likafunguka kabla sijamaliza uongo. Mimi ni moto! Daktari kakubali, kesho, mara moja tu. Ili mjomba asinitie aibu nimemfundisha ishara. Nikigusa sikio, picha ya kulia. Pua, ya kati. Kidevu, ya kushoto. Kanikazia macho. Ameshika somo. Dada kaniambia kesho nikae nje. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nilijipenyeza nyuma ya daktari. Akataja kikombe. Nikagusa sikio. Mjomba akanitazama mimi. Akataja ufunguo. Nikagusa pua. Akanitazama mimi, tena kwa hasira. Nikaongeza mabega na nyusi. Mpaka mwisho hakuangalia picha hata moja.

Dada alipogeuka akaniona, daktari kashaandika: haelewi. Akamsihi warudie.

“Dakika arobaini nyingine nizitoe wapi, dada? Foleni ile unaiona.”

Kaka mtu akasaini.

Jumamosi, 8 Machi
Mguu ulikatwa jana. Nikikaa kulia, mjomba anatazama kushoto. Nikihamia kushoto, anafumba macho. Dada hanisemeshi. Sanduku limerudi kabatini.

Nimefikiri sana kosa liko wapi. Nimelipata. Ishara zilikuwa ndogo mno.

Kitanda cha nne kaletwa mwalimu mstaafu, hali ileile. Nimemwambia mkewe asiwe na wasiwasi, yuko na mzoefu. Safari hii napanda juu ya kiti, na shati jekundu.